Maski ya Muadhini wa Ruaruke

Wiki iliyopita nilimvua kijana maski barabarani pale Kibiti, na sikumwomba ruhusa. Alikuwa anakata vigae kwa mashine mbele ya duka linalojengwa, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope, na maski yake, maski nzuri ya mpira yenye vichujio viwili, imening'inia chini ya kidevu kama kibuyu cha mgema. Nilichomoa kwanza waya wa mashine, maana sijachanganyikiwa. Kisha nikamvua.

"Mzee, kulikoni?"

"Ivae vizuri nikuone."

Akaivaa, nadhani kwa kuheshimu mvi. Nikaviziba vichujio kwa viganja vyangu viwili. "Haya, vuta pumzi." Maski iliyokaa sawasawa ikizibwa namna hiyo hunywea na kuung'ang'ania uso, na mvaaji hapati hewa hata chembe. Huyu alivuta, na hewa ikampitia kando ya pua ikipiga mluzi kama upepo chini ya mlango.

"Hii si yako," nikamwambia. "Ni ya mtu mwenye uso mkubwa kuliko wako. Umevaa kiatu cha mwenzako."

"Kwani mzee wewe ni daktari?" akauliza mwenzake aliyekuwa anapanga vigae.

"Mimi ni Diploma," nikamjibu, nikaondoka zangu kabla hawajaamua kama wacheke au wakasirike.

Ndivyo nilivyo tangu nistaafu. Kukaa siwezi. Nikikaa barazani miguu inawasha. Nikilala, usingizi unakatika kabla ya jogoo. Natoka, nazunguka, nasikiliza mashine za watu. Mashine ya kukoboa ikikohoa, nasimama. Kijana akipulizia gari rangi bila kitu usoni, nasimama. Mke wangu anasema iko siku nitapigwa. Basi nimeona heri niandike, vijana, pengine karatasi itawafikia pasipo mtu kutaka kunipiga.

Nilizaliwa Ruaruke katika nyumba ya makuti. Niliondoka na viatu nilivyovaa, nikarudi na stashahada ya ufundi mitambo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono ofisini, wala chama kilichonisukuma. Enzi zile, ukihesabu wenye stashahada kutoka kwetu mpaka Mbwara, vidole vya mkono mmoja vilitosha, na vilivyobaki ungeweza kulia wali. Jina langu la kuzaliwa likasahaulika. Watu wakaniita Diploma, na mimi nikaitika.

Kabla ya kurudi nilifanya kazi Dar es Salaam katika kiwanda cha rangi. Huko ndiko nilikofundishwa maski na fundi mkuu wetu, Mzee Komba, mtu wa maneno machache na kucha zenye rangi zote. Siku ya kwanza nilimwambia sihitaji maski, kwa kuwa sisikii harufu yoyote. Hakubishana nami. Alinitoa nje ya geti, akaniacha nivute hewa ya barabarani mpaka nikachoka kusimama, kisha akanirudisha ndani. Harufu ikanipiga kama kofi.

"Ilikuwapo muda wote," akasema. "Pua ni mlinzi anayesinzia. Usimwachie ghala."

Akanifundisha pia kwamba vumbi na mvuke ni maadui wawili tofauti. Vumbi hunaswa na kitambaa maalumu kilichosukwa kwa nyuzi ndogo mno. Mvuke wa rangi hunaswa na mkaa uliofungiwa ndani ya kopo la chujio. Anayepulizia rangi anahitaji vyote viwili, kitambaa mbele na mkaa nyuma yake. Anayekata vigae au kukoboa mpunga anahitaji kitambaa, na mkaa peke yake hautamfaa kitu. Kwa hiyo ukienda kununua maski, jiulize kwanza unavuta nini kazini, ndipo uulize mpira ni wa rangi gani. Wengi wenu mnaanza na rangi ya mpira.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Soko likafunguliwa, mashirika yakauzwa, na kiwanda chetu nacho kikauzwa. Tukapunguzwa kazi. Wenzangu walisimama getini wakitazamana kama watu waliokosa treni. Mimi sikusimama. Nilikwenda kununua mashine ya kupulizia salfa, nikapanda nayo lori la mizigo mpaka kwetu, nimeikumbatia kama mtu aliyepakata mtoto.

Kwa asiyejua: mikorosho ikianza kuchanua wakati wa kipupwe huingiwa na ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua. Dawa yake ni salfa, unga wa njano laini kuliko poda ya mtoto mchanga. Mtu hubeba mgongoni mashine yenye injini na bomba, akapita chini ya mikorosho asubuhi na mapema, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, na upepo haujaamka. Zamani salfa na mashine vililetwa na ushirika, nawe ulingoja zamu yako huku maua yakianguka. Mimi nilikuwa mtu binafsi wa kwanza pande zetu kuwa na mashine yake mwenyewe, na baadaye nikawa na kadhaa pamoja na kikosi cha wapulizaji. Sijisifu. Waulizeni waliokuwapo.

Mpulizaji wangu bora alikuwa shemeji yangu Kassimu, mume wa dada yangu mkubwa, Mwanahawa. Alimwoa dada mimi nikiwa mdogo, na wazazi wetu walipofariki ndiye aliyenilea. Maji yakijaa bondeni alinibeba mabegani kunivusha kwenda shule, madaftari yangu ameyauma kwa meno. Alikuwa mrefu, mwembamba, akitembea chini ya mikorosho kama anayetafuta sindano, na bomba lake halikupoteza unga.

Lakini watu hawakumjua kwa salfa. Walimjua kwa sauti. Shemeji alikuwa muadhini wa msikiti wetu. Siku zile hatukuwa na kipaza sauti, na adhana yake ya alfajiri iliwafikia hata waliolala kwenye madungu kule bondeni kulinda mpunga. Akishaadhini na kuswali, anavua kanzu, anavaa mashine, anaingia mikoroshoni. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake: mdomo uleule uliowaita watu kwenye swala ndio uliokuwa ukivuta salfa mpaka jua linapopanda.

Wapulizaji walijikinga kwa kipande cha khanga kilicholoweshwa maji, kimefungwa puani. Kwa muda mfupi kinasaidia. Halafu unga unagandamana na maji, kitambaa kinaziba, na wewe unaanza kuvutia hewa pembeni bila kujua. Wakimaliza kazi walikunywa maziwa ili kuosha kifua. Niliwaambia mara nyingi: maziwa yanakwenda tumboni, vumbi limekwenda mapafuni, hao wawili hawakutani njiani. Wakaniambia Diploma anaona choyo, hataki kutununulia maziwa.

Cha kwanza kusema ukweli kilikuwa pete. Shemeji alivaa pete ya fedha kidole cha mwisho. Msimu wa kwanza ilififia, msimu wa pili ikawa nyeusi kama mgongo wa chungu. Dada aliisugua kwa majivu ikang'aa, na haukupita muda ikawa nyeusi tena.

"Shemeji," nikamwambia, "hicho kinachoila pete yako kinapita kooni kwako kila siku."

"Koo langu si fedha," akanijibu, akaendelea kufunga khanga yake.

Nikaenda Kariakoo. Ilikuwa miaka ambayo kila kontena lilikuwa linashusha kitu ambacho hatujawahi kukiona, na katika duka moja la vifaa nikakuta maski ya mpira mweusi yenye kopo moja kubwa la chujio mbele ya mdomo. Nikakagua. Kitambaa kipo, mpira mlaini, mikanda mizima. Kitaalamu ilikuwa maski sahihi, na hilo nitalisema mpaka naingia kaburini.

Shemeji aliivaa kwa adabu kwa sababu nimemletea. Tukaelekea shamba la kwanza. Njiani tukakutana na Ngwele, ambaye ni mtani wetu, na mtani kwetu ana ruhusa ya kusema lisilosemeka, tena mkikasirika mnadaiwa faini. Ngwele akasimama, akashusha jembe, akamtazama shemeji kwa huruma kubwa.

"Jamani, leteni mbwa," akasema. "Yule anayekula mihogo yetu usiku leo ameshikwa mchana, tena mmemvalisha na mashine."

Kopo lile, vijana, lilikuwa limechomoza mbele ya uso kama pua ya nguruwe. Mimi sikuwa nimeliona hilo, kwa sababu nilikuwa natazama kazi yake. Ngwele alipolisema, hakuna aliyeweza kuliona tena kwa namna nyingine. Wapulizaji wangu walicheka mpaka mmoja akaegemea mkorosho.

Shemeji hakucheka wala hakukasirika. Aliivua ile maski, akaipangusa, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Shemeji yangu, mimi ndiye ninayewaita hawa msikitini. Siwezi kuwaita alfajiri, halafu kukicha wanikute na pua hii."

Nilimweleza habari za vichujio. Nilieleza vizuri, nina uwezo wa kueleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga khanga yake, akawasha mashine.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hata Mzee Komba hakunifundisha, maana kiwandani kila mtu alilazimishwa: katika maski ya kuvaa kila siku, chujio ni nusu tu ya maski. Nusu ya pili ni mvaaji kukubali kuonekana nayo. Maski bora iliyomo mfukoni inazidiwa na khanga iliyo puani.

Alfajiri moja katikati ya msimu nilikuwa macho kitandani, nikipanga mashamba ya siku ile kichwani. Adhana ikaanza. Ikapanda vizuri. Ikafika pale panapowaambia watu kwamba swala ni bora kuliko usingizi, maneno yanayotolewa alfajiri tu, ambayo shemeji alikuwa akiyavuta kwa pumzi moja ndefu. Sauti ikakatika. Si kushuka, kukatika, kama uzi. Nikasikia kikohozi, kikavu, kikirudia. Halafu akamalizia maneno yaliyobaki kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na aliye jirani.

Baada ya swala imamu alimshika mkono. "Kassimu, Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Mwachie Hamisi kwa muda, kifua kitulie." Hamisi alikuwa mwalimu wa madrasa, sauti yake safi, mtu mwema. Hilo ndilo lililouma: hapakuwa na wa kumlaumu.

Shemeji akaja kwangu hata chai sijanywa. Alikataa kukaa.

"Kazi ni yako, shemeji, lakini sauti ni amana. Imamu amenipumzisha. Nikiendelea na salfa, sitarudi tena pale. Naacha."

"Utakula nini? Mpunga wako wa bondeni umekwenda na maji."

"Sijui."

"Dada anajua?"

"Dada yako ndiye aliyeniambia nije mapema kabla sijabadili nia."

Nilikuwa nimesimama, nimekaa, nimesimama tena. Yule mtu alinivusha maji na madaftari yangu mdomoni mwake. "Nipe muda mpaka mwezi uandame," nikamwambia. "Usiguse mashine mpaka nirudi. Naenda Dar kukutafutia pua."

"Isiwe kama ile."

"Haitakuwa kama ile."

Kabla sijaondoka nilimpima uso kwa uzi wa kushonea, kutoka pale miwani inapokaa juu ya pua mpaka chini ya kidevu, nikafunga fundo. Nikampima na upana wa taya, nikafunga jingine. Ndevu za mashavuni Mungu hakumpa. Za kidevuni alikuwa nazo, fupi, nazo nikazitazama sana, kwa sababu ndevu zikipita chini ya ukingo wa maski huacha njia, na vumbi halihitaji njia pana. Zake zilikuwa za kuingia zote ndani ya kikombe cha maski kubwa. Angekuwa na ndevu za mashavu nisingemwambia anyoe; si kazi yangu. Ningemtoa kwenye unga, kama nilivyofanya baadaye kwa mpulizaji wangu mwingine, nikampa kazi ya kupatana na wenye mashamba, akawa bora kuliko mimi.

Dar nilizunguka mpaka soli ikalainika. Muuza duka mmoja alinitolea maski, nikatoa uzi wangu nikaupima ndani yake.

"Bwana, hii inamtosha kila mtu."

"Kitu kinachomtosha kila mtu kinaitwa mkeka," nikamwambia. Nikaivaa, nikaziba vichujio kwa viganja, nikavuta.

"Unanunua au unacheza?"

"Hii inavuja. Lete kubwa."

"Kubwa, ndogo, yote mpira huohuo."

"Basi lete mpira huohuo uliotengenezwa mkubwa."

Akanuna, lakini akaleta. Niliyoichagua ilikuwa na vichujio viwili bapa vilivyolala nyuma kwenye mashavu, si mbele. Kwanza hakuna pua ya kuchekwa. Pili, mpulizaji anaona anapokanyaga. Nikabana ukingo wa mpira kwa vidole, ukarudi wenyewe bila kuacha alama. Mpira unaobaki na alama umekufa dukani. Nikafungua kilango kidogo cha kutolea pumzi, nikakinyanyua kwenye mwanga: kile kigozi ndani yake kilikaa bapa, hakijapinda. Kikipinda, kila unapovuta hewa unavuta vumbi kwa mlango wa nyuma. Halafu nikauliza swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: "Vichujio vyake vya kubadilisha unavyo?" Maski ya kudumu ambayo vichujio vyake havipatikani ni maski ya msimu mmoja. Alikuwa navyo. Kila chujio kilikuwa na kitambaa mbele na mkaa nyuma. Kwa salfa kitambaa kingetosha, lakini nilitaka pia kumpunguzia harufu, mtu wa kikohozi kikali kama kile. Nikachukua na vya akiba.

Niliporudi Ruaruke nilimvalisha shemeji uani kwake, dada akitazama. Mkanda wa juu kwenye utosi, wa chini kwenye shingo, usikaze mpaka macho yatoke; maski inakamata kwa kukaa, si kwa kukabwa. Nikaziba vichujio, akavuta, mpira ukanywea na kumshika. Akanipiga mkono nimwachie. Sijawahi kufurahi hivyo kumnyima mtu hewa.

Tukampeleka kwa Ngwele makusudi. Bora dhihaka imalizike siku ya kwanza.

Ngwele alimzunguka, akainama, akatazama vile vichujio bapa mashavuni. "Huyu sasa ni nzi," akatoa hukumu. "Mkubwa, lakini nzi."

"Na nzi je?" nikauliza.

"Nzi hana neno. Anaingia mpaka msikitini na hakuna anayemtoa."

Shemeji akacheka ndani ya maski. Ndiyo siku niliyojua ataivaa.

Akarudi kazini. Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama nilivyokipanga. Pete ilikuwa bado inageuka, maana mkono haukuvaa maski, lakini kikohozi kilipungua na akaanza kusoma Kurani kwa sauti jioni. Halafu, mwezi ukikaribia kuandama, kikarudi. Nilimwona shambani akiishusha maski, anavuta hewa mbili tatu ndani ya wingu la njano, anaipandisha. Nikampigia kelele, mashine zikameza kelele zangu. Nikamfuata nikazima injini mgongoni kwake.

"Mbona unaishusha?"

"Haivuti, shemeji. Nakaa kama mtu aliyefunikwa mto. Pua yako imechoka."

Nikaichukua. Nilipoinusa tu nilisimama wima. Ilinukia vizuri mno. Ilinukia kama chumba cha bibi harusi.

Nilikwenda mbio mpaka kwa dada, sikupiga hata hodi ya pili. Nilimkuta uani anatwanga. Pembeni, juu ya chetezo, lilikuwapo tege lilelile la miti analotandikia nguo zetu kuzifukiza udi tangu nikiwa mtoto.

"Dada, maski ya shemeji umeifanyaje?"

"Nimeifukiza, nimeifanyaje? Mume wangu ananuka matairi. Anatoka kuadhini anaingia kwenye matairi."

"Umeifukiza na vichujio vyake?"

"Ningevitoa vipi, wewe umevikaza kama nati za lori? Kila jioni naitandika, udi kidogo, ubani kidogo. Nani mwingine anamtunza, wewe?"

Nikakaa chini kando ya kinu. Moshi wa udi, vijana, una mafuta yake. Kila jioni mkaa ule uliokuwa ndani ya vichujio ulikuwa ukinywa udi mpaka ukashiba, na kitambaa cha mbele kilikuwa kinazibwa kwa masizi laini na utomvu wa ubani. Mtu wa Ulaya aliyetengeneza maski ile aliwaza kila adui isipokuwa mke mwenye mapenzi.

Nilimweleza dada. Akaulaza mchi chini.

"Kwa hiyo nimemziba mume wangu pumzi."

"Hukujua."

"Ulimfundisha yeye kuivaa," akasema. "Kwani nyumba hii vitu huoshwa na nani?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, maana sikosi majibu, lakini siku ile niliomba ndoo. Nikamwonyesha. Vichujio vinatolewa kwanza, havioshwi, havifukizwi, havianikwi juani. Kikombe cha mpira kinaoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni ya kipande, kinasuuzwa, kinaanikwa kivulini. Petroli na mafuta ya taa marufuku, hufanya mpira uvimbe. Kilango cha pumzi kinapanguswa kwa kidole kilicholowa. Harufu ya mpira inakwisha yenyewe kwa kuosha. Mwanzoni ivumilie kama harufu ya ndoa mpya. Ikikauka, inalazwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, uso ukitazama juu, isipindwe. Usiitundike msumarini, mkanda utavutika, na vumbi la nyumba litaingia palepale unapoweka mdomo. Chujio la vumbi hubadilishwa pumzi inapoanza kuwa nzito, na la mkaa unapoanza kusikia harufu, au mapema zaidi, kwa kuwa mnajua tabia ya yule mlinzi anayesinzia.

Dada alirudia kila kitu bila kukosea. Nikamkabidhi maski za kikosi kizima. Kuanzia siku ile hakuna mpulizaji aliyeingia shambani bila dada kuziba vichujio vyake kwa viganja na kumwambia vuta. Wengine walimwogopa kuliko salfa. Utaratibu huo ulikuwa wangu, na vijiji vya jirani viliuiga. Hata mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Maparoni alituma mtu avuke maji kuja kuuona, akarudi na uzi wenye mafundo mawili.

Nikafunga vichujio vya akiba. Ulibaki muda mfupi mno. Shemeji alipuliza akiwa amevifunga, hakuishusha maski hata mara moja, akitoka kwenye unga ndipo aivue. Mimi sikulala. Nilikuwa nimempa ahadi kwa kinywa changu, na kinywa changu kinajulikana. Nilizunguka nyumba, nikazikagua mashine zisizo na kasoro, nikafungua na kufunga kabureta nzima. Mke wangu akaniuliza kama nimerogwa. Mwezi ukaandama. Shemeji akamwomba imamu Ijumaa moja ya kujaribu. Sauti ikikatika, alimwambia, salfa naiacha, na pale simpokonyi Hamisi tena.

Alfajiri ya Ijumaa ile sikwenda msikitini mapema. Niliogopa kumwona uso. Nilisimama nje ya mlango wangu, pekupeku kwenye umande, na Hamisi, mtu mwema yule, nikamwona anapita akielekea msikitini mikono nyuma, hana haraka, ili asifike wa kwanza.

Adhana ikaanza. Ilikuwa nyembamba kuliko zamani, siwadanganyi. Ikapanda. Nikazihesabu shahada. Ikaja hayya, wito wa kuja kuswali, ikaja ya pili. Kisha ikafika pale. Nilijikuta nimeziba mdomo na pua yangu kwa viganja viwili, kama ninavyoziba vichujio, sivuti wala sitoi. Sauti ikaingia katika maneno yale, ikaenda, ikatetemeka kidogo katikati kama mtu anayevuka gogo, ikaenda, ikafika ng'ambo. Akayarudia mara ya pili, kama inavyotakiwa, na mara ya pili hayakutetemeka.

Nikavuta pumzi. Kisha nikaenda kuswali, nikachelewa rakaa ya kwanza.

Shemeji alipuliza salfa misimu mingi baada ya hapo, akabadilisha vichujio vingi, na kikombe cha pili nilichomnunulia bado kimo ndani ya kopo la maziwa kwa dada. Sasa ni mzee kuliko mimi, haendi tena mikoroshoni, na msikiti una kipaza sauti ambacho yeye anasimama mbali nacho kwa dharau. Alfajiri bado ni yake. Hamisi huchukua zilizobaki.

Yule kijana wa vigae alinitafuta juzi, akaniuliza ile habari ya kiatu cha mwenzake. Nikampima uso kwa uzi, nikafunga mafundo mawili, nikampa aende nao dukani. Nanyi njooni na nyuso zenu, uzi ninao. Lakini msije alfajiri. Alfajiri nakuwa nimesimama mlangoni, pekupeku, na adhana inapofika pale hunikuta nimebana pumzi, na simjibu mtu mpaka ivuke.